Umeme vijijini: Seremala wa Idodi anunue randa ipi?

SERIKALI imekuwa ikihesabu vijiji. Kati ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, karibu vyote vilitangazwa kuwa vimefikiwa na umeme ilipofika mwaka 2024, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki kwa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ni ya vitongoji, ambavyo idadi yake inazidi 64,000. Hesabu hiyo ni ya nguzo na nyaya. Haisemi ni kitu gani kimechomekwa ukutani baada ya balbu, televisheni na chaji ya simu.

Katika tarafa ya Idodi, Wilaya ya Iringa, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mashine ya kupiga randa ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo fundi seremala huanza kuviulizia bei umeme unapofika nyumbani kwake. Ni mashine ya fedha nyingi kwa mtu wa kijijini, na mara nyingi fedha hizo hazitoki kwenye useremala. Zinatoka kwenye mpunga. Magunia ya msimu mzima, ambayo yangelipa ada ya shule na mbolea ya mwaka unaofuata, yanageuzwa kuwa chuma chenye mota. Mashine ikichaguliwa vibaya, anayeumia ni shamba.

Soko la samani lipo. Nyumba za tofali na bati zinazojengwa baada ya mavuno zinahitaji milango, fremu na mbao za kenchi. Vijana wanaoanza maisha wanahitaji vitanda. Nyumba za wageni na kambi za watalii za upande wa Tungamalenga zinahitaji meza, viti na makabati yenye uso laini, na wenye nyumba hizo wamekwisha kuona kazi za Dar es Salaam na Arusha. Shule zinahitaji madawati. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa katika kampeni ya madawati, na mwaka 2021 Serikali ilitumia sehemu ya Sh trilioni 1.3 za mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000, kazi ambayo kwa kiasi kikubwa ilipitia kwa mafundi wa maeneo husika badala ya makandarasi wakubwa. Fundi aliyekuwa na mashine wakati huo alichukua kazi. Aliyekuwa na randa ya mkono alichukua vibarua.

Mbao nazo hazitoki mbali kwa viwango vya Tanzania. Mafinga, yapata kilometa 80 kusini-magharibi mwa mji wa Iringa, ndiyo njia panda ya mbao za misindano kutoka Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali, na kutoka kwenye mashamba ya watu binafsi ya Mufindi. Kinachosumbua ni hali ambayo mbao hizo hufika nayo. Sehemu kubwa hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamishika ambazo wenyewe Mafinga na Njombe huziita dingdong. Dingdong ilifungua biashara kwa mkulima mwenye ekari mbili za miti, na hilo si jambo la kudharau. Lakini msumeno wake ni mnene, hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa unga, na ubao unaotoka unaweza kuwa na inchi moja upande huu na inchi moja na robo upande wa pili. Seremala analipa ubao mmoja, kisha analipa tena kwa jasho au kwa fedha kuusawazisha.

Kusawazisha huko ndiko kunakomfanya atazame mashine.

Randa mbili, kazi mbili

Mafundi wengi wa vijijini waliokwisha kuwa na mashine wana ile ya meza iliyo wazi, ambayo visu vyake huzunguka katikati ya meza mbili za chuma na fundi husukuma ubao juu yake kwa mikono. Nyingine zimeungwa papo hapo na wachomeleaji, pamoja na msumeno wa duara na sehemu ya kutobolea kwenye fremu moja. Mashine hiyo hunyoosha uso wa ubao na kuuondolea mawimbi. Haijui unene. Fundi akisukuma mbao sita za mlango mmoja, zitatoka zote laini, lakini kila moja na unene wake, na zikiunganishwa kwa gundi mlango unakuwa na ngazi. Ndipo randa ya mkono inarudi kufanya kazi ambayo ilidhaniwa imestaafu. Aidha, meza hiyo iliyo wazi ndiyo inayokula vidole.

Mashine ya pili, ambayo ndiyo inayozungumziwa mtu anaposema anataka kupanda daraja, ni ya kusawazisha unene. Ubao huingizwa upande mmoja, rola mbili huuvuta zenyewe, visu vilivyo juu yake huukata, na unatoka upande wa pili ukiwa na unene uliopangwa kwenye kipimo. Mbao ishirini zikipita bila kipimo kuguswa, zote ishirini hulingana.

Hapa ndipo makosa mengi ya ununuzi huanzia. Mashine ya unene hainyooshi ubao uliopinda. Rola zake huukandamiza ubao dhidi ya meza, visu hukata ukiwa umenyooshwa kwa nguvu, na ukitoka unarudi kwenye upinde wake kama upinde wa mshale, sasa ukiwa mwembamba zaidi. Kwa mbao za msindano uliokomaa jambo hilo lisingekuwa kubwa. Lakini wakulima wengi wa miti huvuna mapema kwa sababu ya shida ya fedha, wakati mti bado mchanga, na mbao za mti mchanga hujisokota zinapokauka. Kenya ilipozuia uvunaji katika misitu yake Februari 2018, zuio lililodumu hadi Julai 2023, mbao za Tanzania zilipata mnunuzi wa ziada, na kishawishi cha kukata mapema hakikupungua.

Kwa hiyo fundi mwenye meza iliyo wazi asiiuze ili aongezee fedha za mashine mpya. Mashine hizo mbili hufuatana: ya kwanza hunyoosha uso mmoja, ya pili huufanya uso wa upande mwingine ulingane nao. Asiye na ya kwanza atalazimika kunyoosha uso mmoja kwa randa ya mkono, au kuufunga ubao juu ya ubao mwingine ulionyooka na kuuwekea vipande vya kabari chini ya sehemu zilizoinuka, kisha kuvipitisha vyote viwili kwa pamoja. Njia hiyo ya pili ni ya polepole lakini haina gharama.

Mafinga ni baridi, Idodi ni joto

Wapo wanaouliza kwa nini fundi wa Idodi asinunue mbao zilizokwisha kupigwa randa Mafinga au Iringa na kuachana na habari ya mashine. Swali ni la haki, na kwa mbao za kenchi jibu ni kwamba hahitaji randa kabisa. Kwa milango na samani jibu linatokana na hali ya hewa.

Mafinga iko juu, kwenye ubaridi na ukungu. Idodi iko chini sana, upande wa mvua chache, ambako kilimo cha mpunga husimama kwa maji ya mifereji. Ubao uliokaa Mafinga ukaonekana mkavu bado una maji mengi kuliko Idodi inavyoruhusu. Ukipigwa randa kule na kuletwa huku, utaendelea kukauka baada ya kupimwa, na ubao haunywei sawasawa: kwa kufuata duara za mti hunywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Ubao wa msindano wenye upana wa inchi nane ukitoka kwenye ubichi hadi ukavu wa samani unaweza kupungua upana kwa milimita sita hadi nane. Huo ni mwanya wa kupitisha kidole kwenye mlango ambao mteja amekwisha kuulipia.

Mbao zinazokusudiwa kuwa mlango wa Idodi, basi, zikaukie Idodi na zipigwe randa Idodi. Kwa mtazamo wa uchumi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuwa na mashine hapo kijijini, kuliko hata nauli ya kupeleka mbao mjini na kuzirudisha. Lakini inabeba sharti lake. Mashine inunuliwe pamoja na banda la kukaushia: mbao zipangwe juu ya mawe au magogo, mbali na udongo, vijiti vya unene mmoja vikiwekwa kati ya tabaka na tabaka, vimepangwa mstari mmoja wima, paa juu na upepo pembeni. Kipimo cha ukavu hakihitaji kifaa cha maabara. Kipande kimoja cha ubao hupimwa kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, ubao umefika mahali ambapo hewa ya Idodi inautaka.

Fundi mwenye fedha ya kitu kimoja tu kati ya banda na mashine aanze na banda. Mbao mbichi hupasuka nyuzi kwenye visu, hujaza mashine maranda yenye unyevu, hutia kutu, na zikishapigwa randa zinaharibika vilevile.

Umeme ulio ukutani

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Jambo hilo huonekana dogo mpaka mtu aletewe na ndugu mashine iliyotumika kutoka Marekani, ambako umeme wa ukutani ni volti 120 na mizunguko 60. Ikichomekwa moja kwa moja huungua. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kushusha volti, lakini transfoma ya kubeba mashine ya wati 1,800 ni nzito, ni ghali, na bei yake lazima ijumlishwe kwenye ile inayoitwa zawadi. Mota zisizo na brashi za mizunguko 60 zitazunguka polepole zaidi kwenye mizunguko 50, kwa tano ya sita ya kasi yake, hata kama volti imesawazishwa.

Kisha kuna suala la njia moja na njia tatu. Mashine kubwa za chuma cha kusubu zinazouzwa kwa viwanda mara nyingi huja na mota ya njia tatu. Ile ada ya Sh 27,000 ambayo wananchi wa vijijini wameizoea katika miradi ya REA ni ya kuunganishwa njia moja. Njia tatu ina gharama zake, na si kila waya unaopita kijijini unaweza kuitoa. Fundi aende ofisi ya TANESCO aulize nguzo iliyo karibu naye inabeba nini kabla hajaenda dukani. Wapo wanaofanya kinyume, na mashine zao zimefunikwa turubai.

Hata njia moja ina unyonge wake mwishoni mwa laini ndefu. Jioni, majiko na televisheni zikiwaka, volti hushuka, na mota inayohitaji kuanza kuzunguka ikiwa na mzigo huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Ikishindwa kushika kasi hupata moto na nyaya zake huungua. Mota isiyozidi nguvu za farasi tatu, yaani kilowati 2.2, iliyofungwa karibu na mita kwa waya mnene badala ya waya mwembamba wa kuvuta kutoka chumba hadi chumba, ikitumika asubuhi na mchana, itadumu kuliko kubwa inayoanza kwa kugugumia.

Bei ya umeme wenyewe ina mtego ambao haumo kwenye kipeperushi cha mashine yoyote. Kwa viwango vilivyoanza mwaka 2016, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi iko kundi la D1 na hulipa Sh 100 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi na tozo hufikia takriban Sh 122. Matumizi ya kawaida, kundi la T1, ni Sh 292, karibu Sh 356 pamoja na tozo. Mashine ndogo ya wati 1,650 ikipiga randa mbao 40 kwa wiki, kila ubao ukichukua dakika nne za mashine kuunguruma, hutumia uniti 19 hivi kwa mwezi. Hata kwa bei ya juu hizo ni chini ya Sh 7,000. Hesabu ya fundi huishia hapo.

Lakini nyumba yake ilikuwa ikitumia uniti 60 kwa Sh 7,320. Zikiongezwa 19 zinakuwa 79. Akivuka 75 mara kwa mara na kuhamishiwa T1, uniti zote 79, pamoja na za balbu na televisheni, zinalipiwa Sh 356: jumla Sh 28,124. Mashine imemgharimu Sh 20,804 kwa mwezi, mara tatu ya alivyodhani. Mita ya pili kwa ajili ya karakana, yenye bei yake ya biashara tangu mwanzo, huondoa mtego huo na pia humwezesha kujua kazi yake inakula umeme kiasi gani. Isitoshe D1 imewekwa kwa ajili ya matumizi madogo ya nyumbani, na karakana si jiko.

Ndogo au kubwa

Sokoni kuna mashine za aina mbili kwa mtu wa kiwango hiki. Ya kwanza ni ndogo ya kubebeka. Mfano unaofahamika ni Makita 2012NB: upana wa kukata milimita 304, wati 1,650, uzito usiofika kilo 30, visu viwili vyenye makali pande mbili. Kichwa chake huzunguka mara 8,500 kwa dakika na ubao husogea mita 8.5 kwa dakika, maana yake kila milimita moja ya ubao hupigwa na kisu mara mbili. Ni laini ya kutosha kwa samani, baada ya msasa kidogo. Kwa ubao mwembamba hukata hadi milimita tatu kwa mpito mmoja, na upana ukiongezeka kina hicho hupungua. Mashine za namna hii hutumia mota ya brashi, ile yenye mlio mkali kama drili. Brashi za kaboni huisha na hubadilishwa kwa bisibisi. Hazikuumbwa kuunguruma kutwa.

Ya pili ni nzito, ya chuma cha kusubu, mota yake haina brashi na huzungusha kichwa kwa mkanda. Ina kelele kidogo, haichoki haraka, na mota ikiungua mafundi wa mjini wanaweza kusuka upya nyaya zake. Visu vyake huwa virefu na vinene, vinavyonolewa tena na tena.

Kuna aina mpya ya kichwa, chenye vipande vidogo vingi vya chuma kigumu vilivyopangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara, kila kipande kikiwa na makali manne. Kikichakaa upande mmoja hugeuzwa. Kwa mbao zenye nyuzi zilizopindana ni kizuri mno, na sauti yake ni ya chini. Muuzaji atakisifia. Lakini bei ya seti moja ya vipande hivyo ni kubwa, kinahitaji mota yenye nguvu zaidi, na msumari mmoja uliojificha kwenye ubao wa zamani huvunja vipande kadhaa kwa mara moja. Kwa fundi ambaye mbao tisa kati ya kumi ni za msindano, fedha hiyo iende kwenye seti mbili za ziada za visu vya kawaida. Msindano ni laini, ila vifundo vyake ni vigumu na huacha pengo kwenye kisu, na pengo hilo huchora mstari ulioinuka kwenye kila ubao unaofuata.

Mninga na mkongo ni habari nyingine. Mteja wa hoteli hulipia vizuri kitanda cha mninga, lakini mti huo una masharti yake: uvunaji wa miti ya asili unahitaji kibali, usafirishaji unahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na fundi asiyetunza stakabadhi ya mahali alikonunua anaweza kupoteza mbao na kazi. Kwa mbao hizo ngumu apunguze kina cha kukata hadi milimita moja au chini, na asitumie visu vilivyochoshwa na vifundo vya msindano. Anayetarajia mninga kuwa nusu ya kazi zake ndiye mwenye sababu ya kufikiria kile kichwa cha vipande vingi.

Swali la visu ndilo linaloamua zaidi kuliko jina la kampuni. Fundi aulize dukani kama visu vya mashine hiyo vipo Iringa mjini siku hiyo hiyo, avishike mkononi, aulize bei. Kama vinapatikana Kariakoo peke yake, kila vinapochakaa karakana itasimama kwa siku kadhaa zikisubiri basi na wakala. Mashine ya bei nafuu isiyo na jina ambayo visu vyake vina matundu ya vipimo vya peke yake ni ghali kuliko inavyoonekana.

Sasa hesabu. Bei zifuatazo ni za mfano tu, na kila fundi aweke zake. Mashine ndogo ichukuliwe kuwa Sh milioni 3 na kudumu miaka mitano: Sh 600,000 kwa mwaka. Akipiga randa mbao 40 kwa wiki kwa wiki 50, ni mbao 2,000. Visu na matengenezo Sh 300,000, umeme pamoja na ule mtego wa mita Sh 250,000. Jumla Sh 1,150,000, sawa na Sh 575 kwa ubao. Kama mjini anatozwa Sh 1,000 kwa ubao bila kuhesabu usafiri, amepata faida. Lakini akiwa na mbao 10 tu kwa wiki, visu na matengenezo vinashuka hadi Sh 75,000 na umeme unakuwa mdogo sana, ila zile Sh 600,000 za uchakavu hazishuki. Kila ubao unamgharimu zaidi ya Sh 1,350. Huyu alipaswa kuendelea kulipa mjini, au kutumia mkono.

Mashine kubwa kwa mfano huo huo iwe Sh milioni 9 na idumu miaka kumi, ikiwa na mita yake ya biashara. Kwa mbao 2,000 kwa mwaka inafikia kama Sh 655 kwa ubao, ghali kuliko ile ndogo. Karakana tatu zikiitumia pamoja, mbao 6,000 kwa mwaka, hata visu na matengenezo yakiongezwa hadi Sh 700,000 na umeme ukafika Sh 325,000, kila ubao unashuka hadi Sh 321 hivi. Chuma kizito kinalipa kikiwa na kazi. Karakana moja ya nyumbani Idodi haina kazi hiyo, karakana tatu huenda zinayo.

Hapo ndipo mikopo inapoingia. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya dosari nyingi kuonekana, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha vijana maseremala ni mwombaji halali. Hatari yake inajulikana: kikundi huundwa kwa ajili ya mkopo, mashine hununuliwa kubwa kwa kuwa fedha ipo, huwekwa kwa mwenyekiti, na baada ya miezi sita haijulikani nani anunue visu. Seremala aliyepita umri wa ujana hayumo kwenye makundi hayo na hubaki na VICOBA au benki, ambako riba lazima iongezwe kwenye ile hesabu ya juu. Kwenye mkopo wa riba, mbao 40 kwa wiki si nyingi.

Tarehe za marejesho nazo zina uzito. Fedha Idodi huingia mpunga ukishavunwa, katikati ya mwaka, na wateja wa milango na vitanda hujitokeza miezi hiyo. Watalii wa Ruaha huja zaidi kati ya Juni na Oktoba. Januari na Februari fedha ziko shambani, kwenye palizi na mbolea, na karakana huwa kimya. Mkopo wenye marejesho sawa kila mwezi kuanzia Novemba humkuta fundi mikono mitupu. Anayenunua Mei, na mbao zilizokaushwa tayari bandani, huanza kuuza mwezi unaofuata.

Mashine hutoa pia bidhaa ambayo fundi wengi huitupa. Maranda makavu ya msindano ni tandiko zuri la banda la kuku, na wafugaji huyanunua kwa magunia. Tahadhari ni moja na haina mjadala: mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile za rangi ya kijani, zisipigwe randa pamoja na nyingine. Dawa hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki, ambayo ni sumu. Maranda yake hayafai kwa kuku, hayafai kwa moto wa jikoni, na vumbi lake halifai kwa mapafu ya anayesimama kwenye mashine. Vumbi la mbao za kawaida nalo si salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka hatari hiyo kwenye orodha yake ya juu tangu mwaka 1995. Kitambaa usoni ni kidogo, barakoa ya vumbi ni afadhali, na mashine kuwekwa kwenye banda lililo wazi pande mbili ni bora zaidi.

Siku ya kununua, fundi aende dukani na mbao zake mbili, mmoja wa msindano wenye vifundo na mmoja mgumu, kila mmoja urefu wa futi nne. Aombe zipitishwe. Kisha apime unene kwa kalipa sehemu tano: ncha mbili, katikati, na kingo zote mbili. Mashine nyingi hula ncha za ubao zaidi kidogo kuliko katikati, sentimita tano au kumi za mwanzo na mwisho, na tofauti ya nusu milimita inaweza kuondolewa kwa kurekebisha meza za pembeni au kwa kuinua kidogo mkia wa ubao unapoingia. Tofauti kati ya kingo ya kushoto na ya kulia ni kasoro nyingine. Hiyo ina maana kichwa hakiko sambamba na meza, na kwenye baadhi ya mashine ndogo hakuna skrubu ya kukisawazisha.

Kwa wale wa mashine moja ya karakana tatu, daftari liwe na safu nne: tarehe, jina, idadi ya mbao, na futi. Kila ubao ukatwe Sh 150 za visu kabla ya kugawana chochote, na fedha hizo zikae kwa mtu ambaye mashine haiko nyumbani kwake.